Busta ya gitaa uliyoiunda mwenyewe imegoma? Pima kwanza kabla hujang'oa transista

Umemaliza kulehemu busta yako, ile pedali ndogo ya kukuza sauti ya gitaa, umechomeka gitaa, umekanyaga swichi, kimya. Au taa inawaka vizuri kabisa ila sauti haitoki, au inatoka ndogo kuliko gitaa likiwa tupu, au kuna mvumo mzito unaofunika kila noti unayopiga. Najua inavyouma manake unakuwa umeinamia hicho kibao masaa mengi. Na wengi wakifika hapo kitu cha kwanza wanang'oa transista wanaweka nyingine, na hapo ndo wanapoharibu, kwa sababu transista mara nyingi haina kosa lolote na kila ukipasha moto zile njia za shaba unazilegeza mpaka zinabanduka, sasa tatizo lilikuwa moja yanakuwa mawili. Mimi nasisitiza utaratibu mmoja tu: angalia vitu vya nje, pima volti, fuata sauti mpaka ujue inaishia wapi, pasi ya kulehemu ishike mwisho kabisa ukishajua unaenda kurekebisha nini.

Nitatumia mfano wa sakiti ya aina ya LPB-1, ile busta ya Electro-Harmonix iliyotoka mwaka 1968, kwa sababu ndo karibu kila mtu anaanzia hapo na michoro yake imeenea kila mahali. Ni transista moja tu, yenye miguu mitatu: bezi, kolekta na emita. Kwenye michoro mingi utakuta kapasita ya 0.1µF pa kuingilia, rezista ya 430k kutoka 9V kwenda bezi, 43k kutoka bezi kwenda graundi (upande hasi wa umeme), 10k kutoka 9V kwenda kolekta, 390 omu kutoka emita kwenda graundi, kapasita nyingine ya 0.1µF pa kutokea, alafu poti ya 100k ya sauti, ile rezista ya kuzungusha. Ukigawa 10k kwa 390 unapata kama 25, hiyo ndo inakupa picha ya inakuza mara ngapi. Kama ya kwako ina namba tofauti kidogo haina shida, mantiki ni ile ile.

Vitu vya nje kwanza

Usiguse bodi bado. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya kwa kebo ya kwanza, alafu kwa kebo ya pili, ujue kebo zote mbili ni nzima. Nasema hivi kwa sababu nimeshamaliza jioni nzima kwenye bodi isiyo na kosa, kumbe kebo ya kutokea ilikuwa imekatika ndani ya plagi.

Kisha umeme. Kama unatumia betri, pedali nyingi zinatumia soketi ya stereo pa kuingilia na upande hasi wa betri unaenda kwenye ule mguu wa ringi (pete ya kati), ili plagi ya kawaida ikiingia iunganishe ringi na graundi na pedali iwake, ukichomoa betri inapumzika. Maana yake ni kwamba bila plagi kwenye soketi ya kuingilia HAKUNA UMEME, na watu kibao wanapima bodi ikiwa mezani bila kebo wanaona sifuri kila mahali wanaanza kulaumu kila kitu. Chomeka kebo hata kama upande wa pili hauna gitaa. Ukichomeka na bado sifuri, angalia kama waya hasi uliuweka kwenye mguu wa ringi kweli au uliuweka kwenye ncha, manake ile miguu ya soketi inachanganya sana ukiiangalia kwa nyuma. Njia ya uhakika ni kuchomeka plagi, weka mita kwenye mlio (pale inapolia ukigusanisha waya zake), gusa ncha ya plagi upande wa pili wa kebo na mguu mmoja mmoja wa soketi mpaka ilie, huo unaolia ndo wa ncha.

Kama unatumia adapta, pedali za gitaa kwa kawaida zinataka 9V ya DC yenye hasi katikati, kinyume na adapta nyingi za vifaa vingine vya nyumbani. Pima kwa mita usiamini kimchoro kilichopo mgongoni. Na kama uliweka diodi ya kinga kama 1N4001 kati ya chanya na graundi, ukiigeuza inakuwa shoti ya moja kwa moja, betri inapata moto na volti zinaporomoka mpaka chini ya 1V. Pia kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza naweka mita kwenye mlio kati ya chanya na hasi ya bodi, betri ikiwa nje. Ikilia kidogo ikanyamaza hiyo ni kapasita kubwa inachaji tu, lakini ikilia moja kwa moja usiwashe, kuna mahali pameshikana.

Swichi ya miguu 9

Hapa ndo penye matatizo mengi kuliko hata bodi yenyewe. Swichi ya 3PDT ina safu tatu za miguu mitatu, na kwenye kila safu mguu wa kati unashikana na wa upande mmoja, ukikanyaga unahamia upande mwingine. Tatizo la kwanza ni kuigeuza robo mzunguko. Kwa sababu ni mraba inaingia vizuri tu vyovyote utakavyoiweka, ila safu zinakuwa nguzo na nguzo zinakuwa safu na hakuna kitakachofanya kazi inavyotakiwa. Angalia ile miguu bapa inalala kuelekea wapi kwenye mchoro wako na ulinganishe na swichi mkononi. Tatizo la pili ni joto, plastiki ya ndani inayeyuka ukikawiza pasi kwenye mguu mmoja, alafu swichi inabofya kama kawaida kwa nje wakati ndani imeshaganda. Pima kwa mlio safu moja moja, kanyaga, pima tena.

Ila kuna njia ya haraka zaidi ambayo mimi naipenda, iondoe swichi kwenye njia kabisa. Chukua waya zenye klipu za meno, unganisha ncha ya soketi ya kuingilia moja kwa moja kwenye sehemu ya kuingilia ya bodi, na tokeo la poti moja kwa moja kwenye ncha ya soketi ya kutokea. Ikilia, bodi yako ni nzima na kosa ni swichi au waya zake, umeshapunguza nusu ya kazi kwa dakika mbili. Na kumbuka taa kuwaka si ushahidi kwamba sauti inapita, taa ina safu yake peke yake kwenye ile swichi, inaweza kuwaka wakati safu za sauti zimekufa, na inaweza kuzima kwa sababu umegeuza LED tu wakati sauti iko sawa kabisa.

Volti tatu zinazokwambia karibu kila kitu

Sasa bodi. Mita kwenye DC volti, waya mweusi kwenye graundi, yaani ule mwili wa soketi, waya mwekundu unatembea. Tumia mita ya dijitali kama unayo, ile ya mshale ya zamani inavuta mkondo kidogo na pale kwenye bezi inaweza kukuonyesha volti ndogo kuliko zilizopo.

Kwa sakiti hii ikiwa na 2N5088 na betri nzuri unategemea bezi iwe kama 0.75 mpaka 0.8, emita kama 0.2, kolekta kati ya 4 na 5. Ukiona hivyo transista iko hai na imekaa pazuri, usiiguse tena, kama hakuna sauti basi kosa ni kapasita, poti au waya. Kitu muhimu kuliko namba kamili ni tofauti kati ya bezi na emita, inatakiwa iwe karibu 0.6.

Ukikuta tofauti, soma hivi. Kolekta ina 9 nzima, mara nyingi maana yake hakuna mkondo unaopita kwenye transista. Rudi kwenye bezi: kama bezi ni sifuri basi ile 430k haijashika au bezi imegusana na graundi. Kama bezi ina 0.8 vizuri lakini kolekta imebaki juu, zima umeme upime omu kutoka emita mpaka graundi, utegemee 390, ukikuta kubwa zaidi basi lehemu haijashika au umeweka 390k badala ya 390, kosa ambalo linatokea sana. Na kama 390 ipo sawasawa, angalia kama tone la lehemu limeruka juu ya ile 10k na kuiunganisha kolekta moja kwa moja na 9V.

Kolekta ikiwa chini kabisa, labda 0.4, na inakaribiana na emita, transista imefunguka mpaka mwisho. Hapo mara nyingi umebadilishana 430k na 43k, au ile 43k haijafika kwenye graundi. Na ukikuta bezi kama 0.65, emita sifuri kabisa, kolekta karibu na sifuri, emita imeshikana na graundi moja kwa moja bila kupitia ile 390. Kolekta, bezi na emita zote sifuri basi umeme haufiki kwenye bodi, rudi kule kwenye soketi.

Kwa rezista usiamini macho hasa usiku chini ya taa ya manjano. 390 ni chungwa nyeupe kahawia, 390k ni chungwa nyeupe manjano, 10k ni kahawia nyeusi chungwa, na zile zenye mistari mitano zina mpangilio mwingine kabisa. Pima kila moja kabla ya kuilehemu. Kama imeshalehemiwa bado unaweza kupima umeme ukiwa umezimwa, ila elewa kwamba ndani ya sakiti mita inaweza kusoma pungufu kwa sababu kuna njia nyingine pembeni. Pungufu inaweza kuwa kawaida. Ikisoma ZAIDI ya kilichoandikwa, subiri kidogo kapasita zichaji, ikibaki hivyo hivyo hiyo rezista siyo au haijashika.

Miguu ya transista

Hili nalisema peke yake kwa sababu linawatesa watu. 2N5088 na 2N3904, ukiangalia upande bapa miguu ikiwa chini, kushoto kwenda kulia ni emita, bezi, kolekta. BC547 na BC549 ni kinyume, kolekta, bezi, emita. 2SC1815 ni emita, kolekta, bezi. Zote zina umbo lile lile, bodi inakuchorea nusu duara unaifuata, umeshakosea. Mimi niliwahi kuweka BC549 kwa kufuata mchoro wa 2N5088 na sauti ilitoka kweli, ila dhaifu na imekwaruzika, kwa hiyo nikaamini sakiti yenyewe ndo ilivyo nikakaa nayo hivyo wiki kadhaa. Transista ikigeuzwa kolekta na emita inafanya kazi vibaya sana bila kufa, ndo maana inadanganya. Kama unabadilisha aina, tafuta datashiti (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji) ya aina hiyo hiyo, usikisie. Na kama bado unajifunza weka soketi ya transista kwenye bodi, itakuokoa kuchoma choma.

Fuata sauti ilipoishia

Kama volti ziko sawa na bado kimya, tengeneza kipimo cha kusikilizia. Chukua kebo ya gitaa ya zamani, kata upande mmoja, waya wa nje wa mzunguko unaunganisha na graundi ya bodi kwa klipu, waya wa ndani unalehemu kapasita ya 0.1µF, ile iliyoandikwa 104, na mguu wa pili wa hiyo kapasita ndo unakuwa kidole chako cha kugusia. Plagi inaingia kwenye amplifaya. Ile kapasita ni lazima, inazuia volti za DC zisiingie kwenye amplifaya. Weka amplifaya sauti ya chini sana manake kila ukigusa inapiga kishindo. Na pale pa kuingilia kwenye pedali weka kitu kinachopiga mfululizo, simu inayocheza muziki kwa sauti ndogo inatosha, ili mikono yako iwe huru.

Sasa tembea. Gusa ncha ya soketi ya kuingilia, unasikia muziki. Gusa upande wa kwanza wa kapasita ya kuingilia, alafu upande wa pili, alafu bezi. Ikipotea kati ya pande mbili za kapasita basi umeipata. Bezi kuna sauti, nenda kolekta, hapa lazima iwe kubwa waziwazi, ukilinganisha na bezi usihitaji hata kufikiria. Kwenye emita itakuwa karibu sawa na bezi, hiyo ni kawaida. Kutoka kolekta vuka kapasita ya kutokea, fika kwenye poti, mguu wa pembeni alafu wa kati huku unazungusha. Wengi wanakuta sauti ipo mpaka mguu wa pembeni na kwenye wa kati ni kimya, yaani poti imefungwa mpaka chini, au umegeuza miguu ya pembeni kwa hiyo ukifungua inapungua, au mguu wa kati haujashika. Pale sauti inapopotea ndo penye kosa, hapo na si pengine, sasa ndo unashika pasi.

Kama umetumia verobodi, ile bodi ya matundu yenye njia za shaba zilizonyooka, kuna kosa lake maalum, ile mikato ya njia za shaba. Unazungusha drili unaona shimo limekata, kumbe pembeni kuna unywele wa shaba umebaki. Pitisha ncha ya kisu katikati ya kila njia jirani na pima mlio kila palipokatwa. Na lehemu iliyokaa kama tone juu ya shaba badala ya kutambaa kuzunguka mguu haijashika hata kama inaonekana imebana, ipashe tena pamoja na mguu wenyewe na uongeze lehemu kidogo.

Sauti ipo lakini mbaya

Mvumo: jaribu kwa betri. Ukipotea, adapta ndo mkosaji, weka kapasita ya 100µF kati ya chanya na graundi na rezista ya 100 omu mfululizo kwenye waya wa chanya kabla ya hiyo kapasita. Usipopotea, tafuta graundi iliyoachwa. Soketi zote mbili, bodi na boksi la chuma lazima vishikane, pima kwa mlio. Kumbuka pia busta inakuza kila kitu mara 25 pamoja na makelele ya gitaa lenyewe, kwa hiyo punguza voliumu ya gitaa mpaka sifuri, kama mvumo unakufa basi unatoka kwenye gitaa siyo pedali.

Mluzi mkali unaopanda ukifungua poti ni waya wa kutokea umelala karibu na wa kuingilia, utenganishe au tumia waya wenye ngao. Poti inayokwaruza kila ukizungusha, hata mpya, pima DC kwenye miguu yake, inatakiwa isiwepo, ikiwepo kapasita ya kutokea inavujisha. Kishindo ukikanyaga swichi, weka rezista ya 1M kutoka pa kuingilia kwenda graundi kabla ya kapasita.

Sauti nyembamba isiyo na uzito, angalia kapasita ya kuingilia kama ni 104 kweli na siyo 103. Sakiti hii ina ukinzani wa kuingilia kama 30k tu, na kwa 0.1µF inaanza kukata chini ya 50Hz au hapo karibu, ila kwa 0.01µF inaanza kukata kwenye 500Hz wakati waya mnene wa gitaa, ile E ya chini, ni 82Hz. Utasikia kabisa kimekosekana kitu.

Na kuna jambo ambalo si kosa. Hiyo hiyo 30k ni mzigo mzito kwa pikapu za kawaida kwa hiyo makali ya juu yanafifia kidogo ukiwasha, ndo tabia ya sakiti hii, usiitafute kwenye bodi. Ukitaka makali yabaki jenga busta ya JFET au MOSFET (aina nyingine za transista) yenye 1M pa kuingilia. Vile vile ukipiga kwa nguvu na sauti ikapasuka, usikimbilie kusema imeharibika, betri ni 9V na unakuza mara 25, pikapu zenye nguvu lazima zigonge dari. Shusha voliumu ya gitaa, ikisafika basi ni hiyo tu. Ikibaki imepasuka hata ukipiga kwa upole, shusha poti ya pedali, kama sasa ni safi basi iliyokuwa inapasuka ni amplifaya. Kama bado, rudi kupima kolekta. Kitu kimoja naomba sana hapo, usifungue amplifaya kutafuta kosa, hasa ile ya zamani ya valvu (mirija ya kioo inayowaka kama taa), mle ndani kuna mamia ya volti na kapasita zinazozishika hata ikiwa imezimwa. Pedali ni 9V, haikudhuru, amplifaya inaua.

Ikifanya kazi mezani na kufa ukifunga boksi, hilo nalo lina jibu. Mgongo wa poti au miguu ya soketi inagusa chini ya bodi, au kifuniko kinagusa ncha za lehemu, au plagi ikiingia ile ncha ya soketi inajitanua na kufikia bodi, hiyo huwezi kuiona mpaka uchomeke plagi zote mbili na uangalie kwa tochi. Kata miguu ya vifaa fupi, weka tepu ya umeme au kipande cha karatasi ngumu kati ya bodi na chuma, chomeka plagi zote kwanza, piga noti moja ukiwa unabana kifuniko kwa mkono, ikibaki inalia ndo ukaze skrubu.